Chumba cha Kona Kimepanda Tena

Mgeni mwenye kofia ya pama alikuwa ameegemea meza ya mapokezi kwa viwiko vyote viwili, mkao wa mtu ambaye haondoki mpaka aelezwe na aelewe. Jana alipiga simu akatajiwa bei. Leo amefika na begi lake, anatajiwa nyingine. Aliuliza, kwa upole wa kutisha, kama kitanda kimekua tangu jana, au kama wameongeza dirisha.

Mama Pacha alikuwa mapokezi tangu pacha wake hawajaota meno, na sasa wote wawili wana ndevu. Alifanya alichofanya kila bei inapomshinda kuitetea: alinyanyua simu ya ndani akamwita Panda-Shuka.

Jina hilo alibandikwa na wasafishaji, likamganda. Alikuwa mpanga bei wa hoteli, tena binti wa kaka wa mwenye hoteli, mambo mawili yaliyofanya wageni wasimpende na wafanyakazi wasimzoee. Ofisi yake ilikuwa stoo ya zamani ya mashuka nyuma ya mapokezi, haina dirisha, na mpaka leo ilinuka sabuni na pasi. Humo alikaa na kompyuta zake akitazama nani anaulizia usiku gani, akapandisha hapa, akashusha pale. Alikuwa na uso wa kitoto na sauti ya mtu mzima. Wageni waliokuja juu kwa hasira walipoisikia sauti hiyo walishuka wenyewe.

"Baba," alimwambia mgeni, "chumba si gunia la sukari. Sukari usiponunua leo, kesho utaikuta dukani. Lakini usiku wa leo ukipita chumba kikiwa kitupu, usiku huo sitaupata tena popote. Kwa hiyo sikuuzii kitanda, nakuuzia usiku. Jana walioutaka walikuwa wachache. Leo wameamka wengi, ukapanda. Wangelala, ungeshuka."

Mgeni alivua kofia, akajikuna. Alisema ameibiwa hoteli nyingi lakini hajawahi kuibiwa kwa maelezo mazuri namna hii, akachukua chumba cha nyuma kilichokuwa nafuu, akaenda zake.

Ndipo sauti ya mwanaume ikatoka kwenye shimo la lifti.

"Dada, na mtu akiwa na neno la kukwambia, leo ni bei gani?"

Panda-Shuka aligeuka. Lifti ilikuwa imekwama katikati ya sakafu mbili, na chini ya kizingiti chake, usawa wa viatu vya watu, palikuwa na kichwa. Kichwa kilikuwa na grisi shavuni na macho ya mtu ambaye halali sana.

"Leo ni bure," alimjibu. "Hakuna anayeuliza."

Fundi wa lifti akajivuta juu mpaka akasimama mbele yake. Na aliposimama, neno likamtoka kichwani. Alibaki anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mama Pacha husimulia kwamba alipiga magoti siku ileile na lifti ikapiga kengele yenyewe. Hakupiga magoti. Kengele ilipiga kweli.

Lifti hiyo ndiyo iliyomleta. Kila siku, katika ile saa ambayo wageni wa jana wameshaondoka na wa leo hawajafika, wasafishaji wako chini wanakula na korido zote ni kimya, lifti ilipanda tupu mpaka ghorofa ya tatu. Ilifungua mlango. Ikangoja kupita kawaida yake, kana kwamba aliyeiita ana mzigo na anajikokota nao. Kisha ikafunga, ikashuka. Fundi alibadilisha kitufe cha ghorofa ya tatu. Akabadilisha nyaya. Akaagiza kibao kipya cha umeme kutoka kwa waajiri wake, akakifunga, akakaa juu ya boksi la vifaa kuisubiri. Ikapanda. Asubuhi moja alikiondoa kabisa kile kitufe, akakitia mfukoni. Ikapanda.

Mtu asipobonyeza, alimweleza Panda-Shuka, lifti haina akili ya kwenda mahali. Siku hizo walikuwa wameshaanza kula pamoja kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kila mmoja na chombo chake gotini. Panda-Shuka alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko chini. Kisha akamweleza habari ya chumba cha kona.

Hakukuwa na sababu ya mtu yeyote kukitaka chumba kile. Kilikuwa mwisho wa korido ya tatu. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la jirani, bomba lake lilikohoa kabla ya kutoa maji, na zulia lilikuwa limefifia kwa namna ya njia, kutoka mlangoni mpaka kitandani. Lakini bei yake ilipanda. Programu ya kompyuta ilikuwa imefundishwa hivyo: chumba kikiulizwa sana kinapanda, kikisahauliwa kinashuka. Na chumba cha kona kiliulizwa. Panda-Shuka alikishusha asubuhi kwa mkono wake, mchana akakikuta kimepanda tena. Kilikuwa kimepita vyumba vyenye baraza. Kilikuwa kimepita kile kikubwa chenye sebule. Wageni walioiona bei yake walidhani ni makosa ya uchapaji.

"Umeangalia anayeuliza ni nani?" Fundi aliuliza.

"Nimeangalia. Anauliza kutoka humohumo chumbani."

Vyumba vyote vilikuwa na luninga ambayo mgeni angeweza kuitumia kuulizia bei ya kuongeza usiku. Maulizo yalitoka kwenye luninga ya chumba cha kona. Panda-Shuka alikwenda mwenyewe akaichomoa waya. Maulizo yakaendelea. Alirudi kuichomoa tena, maana alidhani labda ameota, akaukuta waya umelala sakafuni pale alipouacha.

Wawili hao walitazamana. Kwa kawaida watu wanaopendana huona mwezi au maua. Hawa kila mmoja alikuwa na mashine yake, na mashine zote mbili zilisema jambo moja: kuna mtu anakitaka chumba hicho kuliko watu wote. Mkono wa Fundi ulikuwa karibu na wa Panda-Shuka kwenye ngazi. Ulisogea. Hakuna aliyeuondoa.

Tangu siku hiyo mapenzi yao yalikomaa haraka, labda kwa sababu ya hofu. Fundi alimfundisha kusikiliza kamba za chuma na kujua kama lifti ina mtu. Panda-Shuka alimfundisha kusoma siku zijazo kwenye kompyuta, zipi zitajaa, zipi zitapwaya. Alimwonyesha usiku mmoja wa mwezi uleule, akamwambia huu ndio anaoutaka yule wa kona. Kila siku anauliza huohuo. Usiku mmoja, watu wawili.

Fundi aliitazama tarehe, rangi ikamtoka usoni. Akasema anakwenda kuangalia mota, akaondoka na hakurudi mpaka jioni.

Kesho yake, palepale kwenye ngazi, alimweleza. Aliwahi kulala chumba cha kona. Alilala humo na mke wake, usiku wa harusi yao, tarehe hiyohiyo. Kabla mwaka haujageuka, mke aliugua na kufariki. Imepita miaka. Waajiri wake walipomwandikia aje kutengeneza lifti hakuitambua hoteli kwa jina, maana ilishabadilishwa jina na rangi. Aliitambua siku aliyofungua mlango wa lifti ghorofa ya tatu akaliona lile zulia.

Panda-Shuka hakujua kama alichohisi ni wivu au woga, na alijichukia kwa kutojua.

"Unamwita wewe?" aliuliza mwishowe.

"Simwiti."

"Hata moyoni?"

Fundi alifikiri kabla ya kujibu, na Panda-Shuka alimpenda zaidi kwa kule kufikiri. "Zamani nilimwita sana," alisema. "Siku hizi nikifumba macho nakuona wewe. Labda ndilo linalomwamsha."

*

Shangazi, mwenye hoteli, alikuwa na chumba chake nyuma ya mapokezi, upande wa pili wa stoo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani ya kamba, aliyeijenga hoteli hiyo kwa ukali na kuijaza wageni kwa ucheshi. Siku ya tarehe yenyewe, asubuhi, alimwita mtoto wa kaka yake, akamwambia afunge mlango.

Alianza mbali. Aliulizia kama wasafishaji wamebadilisha mapazia ya ghorofa ya kwanza. Aliulizia bei za wiki ijayo. Kisha akavua miwani, dalili mbaya kwa wanaomjua.

"Fundi wako nimemtambua tangu siku aliyofika," alisema. "Nilimtambua kwa namna anavyopandisha bega moja. Sina ugomvi naye. Ana mikono mizuri na haongei hovyo. Lakini ana mtu."

"Mtu wake alishafariki, Shangazi."

"Kufariki amefariki. Kama ameondoka, hilo ndilo silijui."

Panda-Shuka alimwomba asimtie woga. Shangazi akasema woga anao yeye mwenyewe, hana wa kumgawia mwingine. Ndipo akaeleza lililokuwa limemkaa kooni.

Wale bwana na bibi harusi walipokuwa wakiondoka, yeye ndiye alikuwa mapokezi. Bi harusi alikuwa mchangamfu, mwenye begi kubwa kuliko yeye, na hakutaka kusaidiwa kulibeba. Aliuliza mwaka ujao wakirudi tarehe hiyohiyo chumba kitakuwa bei gani. Shangazi alikuwa na furaha siku hiyo. Akamwambia, bei hiihii, mwanangu. Kwako wewe chumba hiki hakipandi, hata ukirudi na mvi.

Na sheria ya hoteli ile, tangu haijawa na kompyuta wala lifti, ilikuwa kwamba bei iliyotamkwa mapokezi haibadilishwi kwa aliyetamkiwa. Wageni waliijua. Wengine waliirudia hoteli kwa ajili hiyo tu.

"Sasa amerudi kudai bei yake," Shangazi alisema. "Na wewe umeniwekea mashine ambayo mtu akiuliza inapandisha. Anauliza, inapanda. Anarudi kuuliza kama amesikia vibaya, inapanda tena. Mwanangu, huyo bibi tunamtukana kila siku."

Panda-Shuka alikaa kitini bila kukaribishwa. Kazi yake yote aliijenga juu ya jambo moja, kwamba anayetaka sana alipe zaidi. Hakuwahi kufikiria mtu anayetaka sana kwa sababu aliahidiwa.

"Kwa nini hukuniambia, Shangazi?"

"Nikwambie nini? Wewe na chati zako, mimi nije na hadithi ya bi harusi marehemu? Ungenipeleka kupimwa." Akavaa miwani. "Kudai chumba ni haki yake. Linalonikosesha usingizi ni kwamba anauliza kwa watu wawili. Nimeishi na wageni miaka mingi. Mgeni akisema wawili, wa pili yupo njiani. Huyo fundi aondoke leo, kabla ya saa ile. Na wewe usimfuate. Nilikulea mwenyewe, sitakutoa kwa mwanaume anayesubiriwa ghorofani."

Alimwambia pia kwamba ameshapiga simu, fundi mwingine ataletwa. Panda-Shuka aliomba jambo moja tu, amwambie yeye mwenyewe.

Walikutana kwenye ngazi, bila chakula safari hii. Alimweleza yote. Fundi hakubisha. Alisema mama ana haki ya kumwogopea binti yake, naye angekuwa na binti angefanya hivyohivyo. Kisha akauliza kama akiondoka, yule mwenzake atabaki anauliza peke yake kila mchana. Swali hilo lilimchoma Panda-Shuka. Mwanaume gani huyu anafukuzwa na bado anamhurumia anayemponza?

"Wewe unataka nini?" alimwuliza. "Acha ya Shangazi. Acha ya yule."

"Nataka kuzeeka na wewe," Fundi alisema. "Nimechoka kuwa kijana wa mtu."

Alimshika uso kwa viganja viwili, grisi na yote, akamtazama kama mtu anayejifunza njia ili asiulize tena. Halafu akashuka. Alikuwa ameacha boksi la vifaa ndani ya lifti. Alisema atalichukua aende.

*

Alikuwa mwangalifu. Kabla ya kuingia alizima umeme wa lifti kwenye swichi kubwa, akafunga kisanduku chake, akatia ufunguo mfukoni. Mama Pacha alimwona kwa macho yake. Alimwona akiinama kushika boksi. Akaona milango ikimfungia, taratibu, bila ile kengele.

Namba juu ya mlango zilikuwa zimezimika. Waliokuwepo walisikia tu kamba za chuma zikivuta. Panda-Shuka, aliyekuwa ametoka stooni na kompyuta yake ya mkononi, alisikiliza kama alivyofundishwa, akajua. Lifti ilikuwa na uzito wa watu wawili.

Alivua viatu, akapanda ngazi mbio.

Korido ya tatu ilikuwa na mwanga mdogo wa mchana, ule unaoingia kupitia madirisha ya watu wengine. Lifti ilikuwa imefunguka. Ndani yake kulikuwa na giza, na ndani ya giza alisimama Fundi, boksi la vifaa mkono mmoja. Mkono wake mwingine ulikuwa umenyooka mbele, vidole vimekunjika kidogo, vimeshika au vimeshikwa.

"Anasema tumechelewa," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, na utulivu huo ndio uliomtisha Panda-Shuka kuliko mengine yote. "Anasema begi ni zito, leo nimsaidie."

"Fundi, usitoke humo."

"Sitoki. Navutwa."

Mwisho wa korido, mlango wa chumba cha kona ulikuwa wazi kidogo. Mwanga wa buluu ulikuwa ukicheza ukutani. Luninga ilikuwa inawaka, na waya wake bado umelala sakafuni. Kulikuwa na harufu ya marashi, na chini yake harufu ya maua yaliyokaa siku nyingi kwenye maji.

Panda-Shuka alipita mbele ya lifti bila kumtazama Fundi, maana angemtazama asingefika. Alikwenda mpaka mlango wa kona, akakaa kwenye zulia, akafungua kompyuta mapajani. Hakuwa na dua ya kujua wala dawa ya kunyunyiza. Alichokuwa nacho ni kazi yake. Akaanza kwa sauti ileile ya mapokezi.

"Karibu tena, mama. Samahani kwa usumbufu. Mimi ndiye ninayepanga bei, na makosa ni yangu. Bei yako imepanda kwa sababu unauliza. Mashine haijui kwamba ni wewe mmoja unayerudi. Inadhani ni watu wengi, inakukimbia. Ulitajiwa bei kwa mdomo hapa hapa, na bei iliyotamkwa hapa haibadilishwi. Nairudisha sasa hivi, kwa mkono wangu. Haitapanda tena kwako."

Aliandika ile bei ya zamani, ndogo mpaka ikachekesha mbele ya nyingine. Programu ikamwuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Akaifunga isiguswe na mashine.

Kwa muda hakikutokea kitu. Bomba lilikohoa ndani ya chumba. Kisha kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya macho yake, chumba cha kona kikageuka kutoka wazi kuwa kimechukuliwa. Jina, hakuna. Usiku, mmoja.

Watu, wawili.

Nyuma yake alisikia kiatu kikikanyaga zulia. Aligeuka. Fundi alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya lifti. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtoto anayebebwa usingizini. Boksi lilikuwa limemtoka mkononi.

Hapo sauti ya mapokezi ikamwisha Panda-Shuka, ikaja ya kwake mwenyewe.

"Dada, nisikilize," alisema kwenye ufa wa mlango. "Bei ya chumba ina kitanda ndani yake, ina maji, ina taa. Huyu hayumo. Hakuwahi kuwemo. Na mtazame vizuri kabla hujamvuta. Yule uliyekuja naye hakuwa na mvi, wala hakuwa na makovu haya mikononi. Yule unaye tayari, ulimchukua siku uliyoondoka. Huyu ni aliyebaki. Ulipata usiku wako, na hakuna atakayekunyang'anya. Mimi nakuomba siku zake hizi zilizobaki, na sijui hata ni ngapi."

Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Aliongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba angependa wangefahamiana. Kwamba Fundi bado humtaja vizuri.

Ule mwanga wa buluu ulisita. Harufu ya marashi ikaja karibu sana, usawa wa uso wake, kama mtu aliyeinama kumchungulia. Panda-Shuka hakurudi nyuma. Alihisi kitu cha baridi kikigusa shavu lake, pale Fundi alipomwachia grisi, kikakaa hapo kidogo. Kisha kikaondoka.

Mlango wa chumba cha kona ulijifunga polepole, kwa adabu, kama mlango unavyofungwa na mtu anayeogopa kuamsha jirani. Komeo likasikika kwa ndani.

Mkono wa Fundi ukaanguka. Taa ya lifti ikawaka. Alimwita Panda-Shuka kwa jina lake halisi, lile la nyumbani, ambalo hotelini lilijulikana na Shangazi tu, naye akakimbia kumshika kabla hajaanguka.

Hawakuipanda lifti. Walishuka ngazi wameshikana. Shangazi alikuwa amesimama mapokezi na miwani mkononi. Alimtazama Fundi kuanzia juu mpaka chini, akamshika paji la uso, akamwamuru akae.

"Wamelala wangapi?" aliuliza.

Panda-Shuka alifungua kompyuta. Bado iliandika wawili. Alimweleza Shangazi kwamba hajui. Mlango umefungwa, huyu yuko hapa, lakini mashine inasema wawili. Shangazi alimgeukia Fundi tena, akamkagua kama anayehofia kwamba wamerudishiwa ganda tu, na kilichomo kimebaki juu. Fundi mwenyewe alijishika kifua.

Ndipo simu ya ndani ikalia, na kwenye ubao wa namba kikawaka kijitaa cha chumba cha kona.

Ililia. Ikalia tena. Shangazi hakuinyooshea mkono, na Panda-Shuka hakuweza. Mama Pacha akashusha pumzi, akajirekebisha kola, akapokea, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Mapokezi, habari za mchana." Alisikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta. Kisha akafunika simu kwa kiganja. "Anaomba taulo."

"Ngapi?" Shangazi aliuliza.

Mama Pacha aliuliza simuni, kwa upole uleule anaowauliza wageni wote. Akasubiri jibu. Akashukuru, akaweka simu chini.

"Moja," alisema. "Anasema yuko peke yake."

Shangazi alikaa. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa ncha ya nguo ingawa haikuwa na kitu. Walioujua uso wake wakaona unalainika pande za mdomo.

"Fundi," alisema mwishowe, "kesho watu wa kwenu waje tuzungumze. Waambie wapande kwa ngazi."

Fundi aliinuka, miguu bado mizito, akaenda kwenye rafu ya mashuka. Alikuta taulo limeshachukuliwa. Panda-Shuka alikuwa amelikunja mara mbili, akaliweka mkononi, na alikuwa akivaa viatu vyake.

"Wewe kaa," alimwambia. "Huyu ni mgeni wangu."